Wasomaji Wanauliza: Kununua Kahawa Mbichi ya Kukaanga Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwa watu wanaoishi jirani kabisa na mashamba ya kahawa, lakini kahawa wanayokunywa ni ya kopo. Wanataka kununua mbichi na kukaanga wenyewe. Tumechagua maswali yanayogusa pesa na afya ya mnunuzi kwanza, kwa sababu kahawa mbovu hairekebishiki jikoni hata moto uwe mzuri namna gani.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nilinunua kilo 3 za kahawa sokoni, nikaambiwa ni mbichi na iko tayari kukaangwa. Nilipoiweka kwenye sufuria, ndani ya dakika tano maganda yakaanza kuungua, moshi ukajaa jikoni, na punje za ndani bado zina rangi ya kijani. Nimetapeliwa? (Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya)

JIBU: Pole, dada. Hukutapeliwa, ila umeuziwa kahawa ambayo haijakobolewa. Neno "mbichi" linatumika kwa vitu vitatu tofauti, na ni lazima uulize ni kipi kabla hujatoa pesa.

Tunda likichumwa likiwa jekundu, humenywa siku hiyohiyo ili kuondoa ganda la nje. Punje zinabaki na utelezi, kwa hiyo zinavundikwa mpaka utelezi uachie, kisha zinaoshwa na kuanikwa juu ya kichanja. Kwa baridi ya Mbozi au Rungwe kuvundika kunaweza kufika saa 36 na zaidi. Kinachopatikana ni punje yenye ganda gumu la ndani, la rangi ya majani makavu, linalopasuka ukilifikicha kwa vidole. Hiyo ndiyo pachimenti, na ndiyo uliyonunua. Ikipita kwenye mashine ya kukoboa, ganda hilo likatoka, inaitwa kahawa safi: punje ya kijani au kijani-bluu, bapa upande mmoja na yenye mstari katikati. Hii ndiyo inayokwenda kwenye sufuria. Aina ya tatu ni tunda lililokaushwa zima bila kumenywa, jeusi na lenye mikunjo. Kilo moja ya tunda kavu hukupa takriban nusu kilo tu ya kahawa safi.

Kama bado una pachimenti, usiitupe. Ianike juani saa moja au mbili ili ganda likakamae, kisha twanga nusu kilo nusu kilo kwenye kinu cha mbao. Mchi uangushe kwa uzito wake wenyewe, usiusukume kwa nguvu za mabega. Punje ikikatika inaiva kabla ya nzima na kuleta ladha ya kuungua. Baada ya mapigo 40 au 50, mimina kwenye ungo, peta, rudisha kinuni zile ambazo hazijaachia. Mara tatu zinatosha. Utaona pia utando mwembamba unaong'aa kama fedha umeng'ang'ania punje. Huo uache, utatoka wenyewe wakati wa kukaanga.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanadanganyika na bei. Kilo moja ya pachimenti nzuri hutoa takriban gramu 800 za kahawa safi. Ukichambua na kutoa punje mbovu, tuseme asilimia 5, unabaki na gramu 760. Moto nao hula kama asilimia 15, kwa hiyo kikombeni zinafika gramu 646 hivi. Kilo moja ya kahawa safi, kwa uchambuzi na moto uleule, inafika gramu 807. Kwa mfano tu, pachimenti ikiuzwa shilingi 10,000 kwa kilo, basi kahawa safi ya shilingi 12,500 ni bei ileile, na huna kazi ya kutwanga. Chini ya hapo, nunua iliyokobolewa.

SWALI: Nikifika kwa muuzaji na gunia liko mbele yangu, nitazame nini? Wote wanasema yao ni "namba moja". (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Anza na mkono wako. Usikubali kahawa iliyo juu ya gunia peke yake. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, chota chini, pembeni na katikati. Kama katikati pana joto kuliko pembeni, gunia hilo lina unyevu na limeanza kuharibika. Ondoka.

Kisha nusa, mkono ukiwa bado umeshika punje. Kahawa safi nzuri inanukia kama nyasi zilizokatwa jana au mbaazi mbichi. Harufu ya ukungu, ya gunia lililolowa, ya siki, ya mafuta ya taa au ya dawa ya mahindi haiondoki kwa kukaanga. Kahawa hunyonya harufu haraka, na muuzaji anayeiweka kando ya dagaa au sabuni ameshaiharibu hata kama mkulima aliitunza vizuri.

Baada ya hapo omba gramu 100, ambazo ni kama punje 600 hadi 700, zimwage juu ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga wa mchana. Kazi hii inachukua dakika kumi na muuzaji mwaminifu hatakasirika. Tenga mafungu:

Punje nyeusi kabisa ni matunda yaliyooza au kuokotwa chini. Punje za kahawia inayoelekea wekundu, hasa ukizikwangua zikatoa harufu ya uchachu, zilivundikwa kupita kiasi au zilikaa na tunda lake usiku kucha kabla ya kumenywa. Hizi ndizo tunazoziogopa zaidi. Punje chache tu zinatosha kuharibu birika zima. Zenye vitundu vidogo vya duara zimetobolewa na ruhuka, mdudu mdogo anayetoboa kahawa. Kitundu kimoja si msiba, lakini zikiwa nyingi, ndani mna unga wa mdudu na mlango wa ukungu. Zile nyepesi, zilizosinyaa na kung'ang'aniwa na utando wa kijani, ni matunda yaliyochumwa mabichi. Ukizikaanga zinabaki na rangi ya mchanga huku wenzake wameiva, na ladha yake ni ya karanga mbichi na karatasi. Mwisho kuna zilizokatika, zilizopondwa na mashine, na mawe. Jiwe moja linavunja kisagio chako, kwa hiyo usilichukulie kimzaha.

Ukipima mafungu yote hayo yakawa chini ya gramu 5, hiyo ni kahawa nzuri ya nyumbani. Gramu 5 hadi 10 inategemea bei na subira yako ya kuchambua. Ikizidi 10, au ukikuta nyeusi na za uchachu zaidi ya kumi katika gramu 100, usinunue hata kwa nusu bei. Tunasema hivyo bila kupepesa, kwa sababu palipo na za uchachu nyingi unazoziona, kuna nyingine zenye rangi nzuri zilizopitia pipa lilelile.

Halafu unyevu. Kahawa safi inatakiwa iwe na asilimia 10 hadi 12. Ikipita 12.5 ukungu unaota, na ukungu wa kahawa unaweza kutoa sumu ambayo moto hauimalizi yote. Ikishuka chini ya 9 inakuwa kavu mno, punje zinakatika na ladha inapotea. Kipimo cha uhakika ni mashine, na vyama vya msingi vya ushirika pamoja na viwanda vya kukoboa wanazo. Onyo moja: kipima unyevu cha wakala wa mahindi kikiwa kimewekwa kwa ajili ya mahindi hakikupi namba sahihi ya kahawa. Mwulize kama kina chaguo la kahawa.

Bila mashine, uma punje kwa jino la mbele. Ikiacha alama laini bado ina maji mengi. Kavu vizuri haikubali jino. Weka nyingine juu ya sakafu ya saruji na uigonge kwa nyundo mara moja: iliyokauka inapasuka vipande, yenye maji inabapa kama punje ya mahindi mabichi. Tazama pia kingo. Punje yenye kingo nyeupe, katikati kijani, ilikauka vizuri kisha ikapata unyevu tena ghalani. Hiyo haiponi.

Mwenye oveni yenye kipimajoto na mizani ya gramu anaweza kuhakikisha nyumbani. Pima gramu 100 kamili, acha kwenye joto la nyuzi 105 kwa saa 16, pima tena. Zikibaki gramu 89, unyevu ulikuwa asilimia 11. Umeme wa saa 16 una gharama, kwa hiyo fanya hivyo tu ukiwa unataka gunia zima.

SWALI: Kuna AA, A, B, PB, na nyingine nimeambiwa ni C. Je, AA ndiyo tamu kuliko zote? (Msomaji, Vwawa, Songwe)

JIBU: Hapana, kaka. Herufi hizo zinapima ukubwa wa punje. Utamu hupimwa kwa kuonja. AA ni zile zinazobaki juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 7 na kidogo, A na B zinafuata kwa kushuka, C ni ndogo zaidi. E ni zile kubwa mno, mara nyingi mbili zilizoshikana. AF na TT ni nyepesi zilizopeperushwa na upepo wa mashine, na hizo usinunue kwa kukaanga nyumbani, maana nyingi ni changa au zimeliwa.

PB ni kahawa ya punje moja. Tunda la kawaida hubeba mbegu mbili zilizoegemeana, ndiyo maana zina upande bapa. Likibeba moja tu, inakua duara kama njegere. Kwa anayekaanga kwenye sufuria tunapendekeza PB kwa sababu moja ya wazi: inabingirika. Punje bapa hulala kwenye chuma na kuungua upande mmoja, PB haikai mahali. Kama bei yake iko juu sana, chukua B iliyochambuliwa. B ya shamba zuri inaishinda AA ya shamba lililochelewa kumenya, na punje zikilingana ukubwa zinaiva pamoja. Kibaya ni mchanganyiko wa AA na C katika mfuko mmoja: ndogo zinaungua wakati kubwa bado.

SWALI: Sisi wa Iringa mjini kahawa haiko karibu. Tuifuate wapi, mwezi gani, na je, ninaweza kwenda kwa mkulima moja kwa moja? (Msomaji, Kihesa, Iringa)

JIBU: Nyanda za Juu Kusini uchumaji huanza karibu na Mei au Juni na kumalizika Septemba au Oktoba, kutegemea mwinuko na mvua. Ongeza wiki za kukausha na kukoboa, utaona kwamba kahawa safi ya msimu mpya hupatikana kwa wingi kuanzia Agosti. Nunua kati ya Agosti na Desemba. Mtu anayekuuzia "mpya kabisa" mwezi Machi anakuuzia ya mwaka uliopita. Si lazima iwe mbaya, ila bei iseme hivyo.

Kwa upande wa magharibi kuna Mbozi katika Mkoa wa Songwe, Rungwe na Mbeya Vijijini. Kwa upande wa kusini kuna Mbinga mkoani Ruvuma, ambako unapita Makambako, Njombe na Songea. Zote hizo hulima arabika. Mbozi na Mbinga zote zina viwanda vya kukoboa, kwa hiyo kahawa safi iliyopangwa kwa madaraja hupatikana huko kuliko kijijini kwenyewe. Ukiwa Mbozi unaweza pia kuuliza ushauri kituo cha Mbimba cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI. Wao hufundisha wakulima, lakini mnunuzi naye anajifunza mengi pale kuhusu aina za miche na usindikaji.

Kuhusu kwenda kwa mkulima: biashara ya kahawa nchini inasimamiwa na Bodi ya Kahawa, yenye makao Moshi, chini ya Sheria ya Kahawa ya mwaka 2001, na ununuzi hufanyika kwa leseni. Wakulima wengi hupeleka kahawa yao kwenye chama cha msingi, na kutoka hapo inakwenda mnadani. Usipakie magunia ya kahawa kwenye gari usiku ukidhani ni mahindi. Njia salama kwa mtu wa kilo tano au kumi ni kununua kwa wakaangaji wenye leseni walioko Mbeya, kwa shamba kubwa linalouza kahawa yake lenyewe, au kwa chama kinachokaanga na kuuza ndani ya nchi. Wengi wao hukubali kukupimia mbichi ukiomba. Dai stakabadhi yenye jina la muuzaji, uzito na daraja, na uitembeze pamoja na mzigo.

Uliza maswali manne na uyaandike kwenye mfuko kwa kalamu: imetoka kata gani, msimu gani, imeoshwa au imekaushwa na tunda, na imekobolewa lini. Muuzaji asiyejua hata moja ameinunua kwa mtu mwingine asiyejua. Kwa mara ya kwanza chukua nusu kilo tu, ukaange mara mbili, uonje, ndipo urudi kwa mzigo. Wapo wanaochukua gunia zima kwa sababu nauli imeshawauma, wakakaa nalo miaka miwili.

Kuhusu kiasi: nyumba ya watu wawili wanaokunywa vikombe viwili kila mmoja kwa siku, gramu 15 kwa kikombe, inatumia kilo 1.8 ya iliyokaangwa kwa mwezi. Hiyo inataka kama kilo 2 na robo ya kahawa safi. Zidisha kwa miezi sita, usizidi hapo.

SWALI: Tukuyu mvua haikati. Kahawa yangu ya Septemba ilikuwa nzuri, kufikia Februari inanuka gunia. Niihifadhije? (Mama wa nyumbani, Tukuyu)

JIBU: Mama, hali ya hewa yenu ndiyo ngumu kuliko zote katika ukanda huu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na gunia la katani linapumua: hewa ikilowa, kahawa nayo inalowa.

Tumia ile mifuko ya kuhifadhia mahindi bila dawa, ambayo wengi wanaiita kinga njaa. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki nzito isiyopitisha hewa. Weka kahawa ikiwa imeshafika asilimia 11 au 12, toa hewa kwa kukandamiza, funga mfuko wa kwanza kwa kamba, kisha wa pili, kisha wa nje. Kwa kilo mbili tatu, ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana inatosha, mradi haikuwa na rangi, sabuni wala mafuta. Usitumie mfuko uliowahi kuwekwa mahindi yenye dawa ya unga. Harufu na dawa vyote vinahamia.

Kosa linaloharibu kahawa nyingi ni kufunga kahawa yenye maji ndani ya plastiki. Plastiki huzuia unyevu kutoka kama inavyouzuia kuingia. Punje zenye asilimia 14 zikifungwa, baada ya wiki chache unafungua ukungu. Kosa la pili ni kuweka ndoo dirishani. Mchana joto linatoa maji kwenye punje, usiku yanakuwa matone kwenye kifuniko na kudondoka.

Weka chombo juu ya mbao, sentimita 10 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Kama umenunua pachimenti, usikoboe yote. Ganda lile linalinda punje, kwa hiyo twanga ya wiki mbili tu kila mara.

SWALI: Shikamooni. Nina debe la kahawa safi tangu msimu wa 2021/2022. Imegeuka rangi ya manjano. Bado inafaa? (Mstaafu, Njombe)

JIBU: Marahaba hatuiitiki kwako, mzee wetu, shikamoo sisi. Kahawa safi iliyotunzwa vizuri hukaa na ladha yake miezi 6 hadi 12. Baada ya hapo rangi ya kijani inafifia kuwa manjano au nyeupe, na kikombe kinakuwa na ladha ya mbao na majani makavu. Kama hakuna ukungu, harufu mbaya wala wadudu, haina madhara. Ikaange mpaka iwe nyeusi kidogo, uichanganye na tangawizi na iliki kama kahawa ya kijiweni, itanyweka. Ikiwa na vumbi la kijani au jeupe, mwaga shambani, wala usiwape mifugo.

SWALI: Nimenunua kilo 5 kutoka Mbozi, nimechambua vizuri. Nikikaanga, nje inakuwa nyeusi na ndani ikikatwa ni kahawia hafifu. Kikombe ni kikali na kichachu kwa pamoja. Tatizo ni kahawa au ni mimi? (Msomaji, Makambako)

JIBU: Tatizo ni moto, kaka. Kahawa ya mwinuko mkubwa ni ngumu na imeshikana, joto linachukua muda kufika katikati. Moto ukiwa mkali mwanzoni, ngozi inaungua kabla moyo haujapata habari. Ladha kali inatoka nje ya punje, uchachu wa kijani unatoka ndani.

Chukua sufuria nzito au kikaango cha chuma cha kipenyo cha sentimita 25 hivi. Pima gramu 250, si zaidi, ili punje zilale tabaka moja na nusu. Pasha chombo dakika tatu kwa moto wa wastani, mimina kahawa, na kuanzia sekunde hiyo mwiko usisimame. Pindua kutoka chini, usizungushe tu juujuu.

Dakika mbili tatu za kwanza hakuna cha kuona. Maji yanatoka. Kati ya dakika ya 4 na ya 6 punje zinageuka manjano na jikoni pananukia mahindi ya kuchoma. Zikigeuka manjano kabla ya dakika ya 3, punguza moto. Zikifika dakika ya 8 bado za kijani, moto ni mdogo, na kahawa itaiva bila kunukia, kama mkate uliookwa kwenye oveni ya vuguvugu. Baada ya manjano inakuja rangi ya mdalasini, utando wa fedha unaanza kuruka kama makapi, moshi mwepesi unapanda. Karibu na dakika ya 9 hadi 11 utasikia mlio wa kwanza, mkavu, kama bisi zilizo mbali. Punje zimefika takriban nyuzi 200, na mvuke wa ndani unazipasua.

Hapa wengi wanachanganyikiwa. Mlio ukianza, punguza moto kidogo lakini usizime, na endelea kukoroga. Dakika moja na nusu baada ya mlio kuanza kuchangamka unapata kahawa ya wastani, yenye uchangamfu wa arabika ya huku bila uchachu mkali. Ukisubiri zaidi unakuja mlio wa pili, mwepesi na wa harakaharaka kama mchele ukimwagwa juu ya bati, na mafuta yanatokeza juu ya punje. Kutoka hapo mpaka mkaa ni sekunde chache.

Ipua mapema kidogo kuliko unavyotaka, maana punje zinaendelea kujipika. Zimwage kwenye ungo mpana au chekeche la waya, peta mlangoni penye upepo. Ziwe zimepoa kiasi cha kushikika ndani ya dakika nne, na makapi yametoka. Usinyunyizie maji.

Kwa jiko la mkaa, kupunguza moto maana yake ni kuinua sufuria. Weka mawe matatu madogo ya kuinulia kando ya jiko kabla hujaanza, usitafute wakati kahawa imeshalia. Na kaangia nje au kwenye uwazi. Moshi wa mwisho ni mzito na unakera kifua cha mtoto.

Kisha pima tena. Gramu 250 zikibaki 220, umekaanga hafifu. Zikibaki 212, ni wastani. Zikibaki 205 au chini, umekwenda upande wa weusi. Zikibaki 225 na nje ni nyeusi, basi ndani bado ni mbichi, na hilo ndilo linalokupata wewe. Andika uzito na dakika kila mara kwenye daftari. Baada ya mara tano hutahitaji kutuuliza rangi.

Acha kahawa iliyokaangwa ipumzike saa 12 hadi 24 kwenye chombo kisichobanwa sana, hewa iliyomo itoke, ndipo usage. Itumie ndani ya wiki tatu.

SWALI: Tunduma kuna wanaouza kahawa ya Kagera wakisema ni ya Mbozi. Nitaitambuaje? (Msomaji, Tunduma)

JIBU: Kagera hulima zaidi robusta, ingawa arabika ipo pia, kwa hiyo macho yanakusaidia kujua aina tu, si mkoa. Punje ya arabika ni ndefu kidogo na mstari wake wa katikati umepinda kama herufi S. Robusta ni fupi, duara zaidi, na mstari wake umenyooka. Robusta ina kafeini karibu mara mbili, ni chungu zaidi, na hutoa povu zito. Wapo wanaoipenda na wana haki yao. Lakini ukikuta aina zote mbili katika mfuko ulioandikwa Mbozi, rudisha, kwa sababu haziivi kwa muda mmoja na kilichoandikwa si cha kweli. Hesabu punje 50 kutoka chini ya mfuko. Zikitokea tano zenye mstari ulionyooka na umbo la duara, ambazo si PB, mwonyeshe muuzaji palepale kabla hajafunga mizani.